Begi la kurudi nalo

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi, na bandugu wa Bukavu na Uvira nawaona mmejaza kona ile yote, karibuni sana. Watoto waachieni ile meza ya maandazi, ila hizi fremu za mabegi hapa mbele wasizichezee kwanza, tutazihitaji mwishoni.

Nimeombwa niongee kuhusu kwenda kuwinda muusi, yule mnyama mkubwa wa pembe pana wa huku Alaska, porini, yaani pori la mbali la kupelekwa na ndege ndogo ukaachwa huko, sio hawa muusi wanaokula maua ya jirani yako hapa Anchorage. Na aliyeniomba alisema "utuelekeze bunduki ya kununua". Sasa mi nianze kwa kumkatalia. Bunduki tutaigusa dakika mbili tu, labda tatu. Leo naongea begi. Ukishanunua begi na ukalielewa, mengine yote yatajipanga nyuma yake, na ukikosea begi hata uwe na bunduki ya dola elfu tano utakaa kwenye matope unalia, mimi nililia kwahiyo siongei ya kusikia.

Wengine hamnijui. Kabla ya kuja huku miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa mgumu pale Moshi. Wale wa Tanzania mnajua wagumu ni nani, ni wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wale wanaopita mbio na mahema na mitungi ya gesi wakati mzungu anahema na fimbo zake mbili. Miaka sita nimebeba, Machame, Marangu, Rongai kote. Na pale Machame getini kuna mizani, mzigo wa mgumu mwisho kilo 20, ukizidi unashusha unampa mwenzako au kampuni inaongeza mtu. Kwahiyo nilipofika Alaska jamaa zangu wa kazini wakaniambia twende tukawinde, mi nikacheka kimoyomoyo, nikasema hawa wananiambia mimi kubeba? Mimi niliyebeba hadi Barafu Camp na mayai trei nne na hakuna hata moja lililopasuka?

Basi sikilizeni kilichonikuta.

Nilienda duka moja kubwa, jina tuliache, nikanunua begi zuri kwa macho, kubwa, mifuko mingi, zipu kila mahali, lita 85, dola mia na kitu. Kijana wa dukani akasema hili linatosha. Na kweli lilitosha, kwendea. Tuliruka hadi McGrath, kule kwenye mto Kuskokwim, halafu ndege ndogo ikatuweka kwenye mchanga wa mto mdogo unaoingia humo, watu wawili tu, mimi na mwenyeji mmoja ambaye naye alikuwa na shauku kuliko akili. Siku ya tatu tukaona dume kwenye kilima, mbali, tukamfuata, tukamfuata, tukaja kumpiga kama kilomita tatu hivi kutoka mtoni. Tukapiga picha. Tukakumbatiana. Halafu tukamwangalia yule mnyama pale chini, kimya kikaingia, maana ndio mara ya kwanza kuelewa ni kitu gani tumekifanya.

Kwa ambao hamjawahi kumsogelea: muusi wa Alaska ndio mkubwa kuliko muusi wote duniani. Dume aliyekomaa ana kilo 540 mpaka 725 hivi. Mfikirie pofu wa kwetu, mkubwa kabisa, halafu mpe miguu mirefu na pembe pana kama koleo mbili. Idara ya wanyama ya jimbo wenyewe wanasema dume wa paundi 1,600 anatoa kama paundi 500 za nyama, hiyo ni kilo 225 na zaidi kidogo, nyama tupu bila mfupa. Paja moja la nyuma likiwa na mfupa wake ni kilo 50 mpaka 60. Paja moja! Mizani ya Machame ingelia.

Na huwezi kusema nachukua sarara na mapaja mengine nawaachia dubu. Hapa sheria ni kali kweli, na mi naipenda hiyo sheria. Lazima utoe nyama yote inayolika: mapaja yote mawili, mikono yote, shingo, kidari, nyama ya mbavu, sarara ya nje na ya ndani. Na pembe hazitoki porini mpaka nyama yote iwe imetoka kwanza, ukikutwa umetanguliza pembe una kesi. Kuna maeneo mengine wanataka nyama ya mapaja na mikono na mbavu ibaki kwenye mfupa mpaka imetoka kabisa porini, hapo ndio mzigo unazidi, kwahiyo soma kitabu cha kanuni za eneo lako unaloenda, kinatolewa bure kila mwaka, usimuulize mtu baa.

Sasa tupige hesabu pamoja, nani ana simu. Muusi mmoja ni mizigo minane hivi ya mtu mwenye nguvu: mapaja mawili, mikono miwili, mbavu na kidari zinakula miwili, shingo na sarara na vipandevipande mmoja, kichwa na pembe mmoja. Nane. Kila mzigo unaupeleka halafu unarudi mtupu kufuata mwingine, kwahiyo ni kwenda mara nane na kurudi mara saba, safari kumi na tano. Kilomita tatu mara kumi na tano ni ngapi? Arobaini na tano. Mkiwa wawili kila mtu ana mizigo minne, kwenda mara nne na kurudi mara tatu, anatembea ishirini na moja, zaidi ya nusu yake akiwa na kilo hamsini mgongoni. Hiyo ni kwenye kinamasi, wala usidhani kuna njia. Kuna vile vichuguu vya majani, vimesimama kama vichwa vya watu waliozama kwenye tope, ukikanyaga juu kinayumba, ukikanyaga katikati unazama hadi goti. Kilimanjaro ni mlima mrefu ndio, mita 5,895, lakini una njia! Njia ni kitu kikubwa sana, huwezi kujua thamani yake mpaka ukose.

Begi langu lile zuri lilikufa mzigo wa pili. Mkanda wa kiuno ulishonwa tu kwenye kitambaa, haukushikwa na fremu yoyote, maana ndani fremu yenyewe ilikuwa ubao wa plastiki laini kama wa kukatia nyanya. Nikiweka paja, begi linajikunja katikati kama mlevi, uzito wote unashuka kwenye makalio na mabega yanavutwa nyuma, natembea nimeangalia mbingu. Nikafunga na kamba. Mzigo wa pili mshono wa kiunoni ukaachia wote, pyaaa. Kuanzia hapo nilibeba kwa mabega tu, tukalazimika kugawa mizigo midogomidogo, safari zikaongezeka, tulitumia siku tatu na robo, na paja la mwisho tulipolifikia lilishaanza harufu karibu na mfupa wa nyonga, tukakata ile sehemu tukatupa. Ile ilinuma kuliko mgongo. Kwetu nyama haitupwi.

Kwahiyo nikirudi kwenye mada. Begi la kuwindia muusi usilichague kwa kuangalia unaingia nalo vipi porini, lichague kwa kuangalia utarudi nalo vipi. Kuingia ni ndege inakubebea. Mtu anakaa dukani anahesabu mifuko, hapa nitaweka tochi, hapa chupa ya maji, hapa karanga. Mifuko haibebi paja. Fremu ndio inabeba paja.

Fremu ni nini? Hii hapa, niishike. Hii ni ya nje, mabomba ya alumini yamechomelewa, ina kirafu hapa chini, nyama inakaa juu ya kirafu unaifunga na mikanda, begi lenyewe ukitaka unalivua kabisa unabaki na fremu tupu. Wazee wa Alaska wanaipenda hii, ni rahisi, haina mambo mengi, na kwa kubeba paja zima lenye mfupa sijaona ya kuishinda. Ubaya wake ni kwamba inapiga kelele kwenye vichaka, inanasa matawi, na ukitembea nayo siku nzima bila mzigo inakukera. Na hii ya pili ni ya kisasa, fremu iko karibu na mgongo, nyingine za alumini nyingine za kaboni, na begi linaachana na fremu, unafungua mikanda, nyama unaiweka katikati, kati ya fremu na begi, halafu unabana. Hapo ndio siri ilipo, nyama inalala karibu kabisa na mgongo wako. Mzigo ukikaa mbali na mgongo hata sentimita kumi unahisi kama kuna mtu anakuvuta kwa nyuma. Mama zetu wanaobeba watoto na kanga wanajua hili bila kusoma, mtoto anabanwa kabisa, haning'inii.

Kampuni zinazotengeneza za aina hii ziko nyingi, kuna Stone Glacier na Mystery Ranch zilizoanzia Montana, Exo Mtn Gear ya Idaho, na kuna moja iliyoanzia Colorado inaitwa Kifaru, ndio, kifaru, neno letu kabisa, nilipoona mara ya kwanza kwenye begi la mtu nikamuuliza wewe umepata wapi Kiswahili akanishangaa. Mimi sina hisa kwa yeyote kati yao. Bei zake ndio hivyo, mia tano, mia saba, mia nane na kuendelea. Najua mtu anaguna. Ila angalia soko la mitumba, watu wananunua wanaenda mara moja wanaapa hawarudi tena, mwezi wa kumi na wa kumi na moja zinauzwa nyingi. Mi fremu yangu ya nje nimeinunua kwa mtu wa namna hiyo, bado ina damu ya muusi wake.

Mambo ya kuangalia ni machache, mengine ni mapambo. La kwanza urefu wa mgongo wako, sio urefu wako wewe. Inamisha kichwa, gusa ule mfupa uliotokeza nyuma ya shingo, halafu weka mikono kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, mtu akupimie na futi ya fundi cherehani kutoka mfupa wa shingo mpaka usawa wa vidole gumba. Hiyo ndio saizi ya begi lako. Nina rafiki mrefu ana mgongo mfupi, miguu tu mirefu kama korongo, aliuziwa begi kubwa kwa sababu ni mrefu, mkanda ukawa unamkaa kwenye mapaja.

La pili mkanda wa kiuno. Ukae juu ya mifupa ya nyonga, uikumbatie, usiwe tumboni wala chini yake. Uzito mwingi ukae hapo, mabega yanashika tu mzigo usianguke nyuma. Hili kwangu lilikuwa geni, maana sisi wagumu kichwa na shingo ndio vilikuwa gari letu, begi dogo la nguo mgongoni na mzigo wa mgeni kichwani. Huku kichwani haiwezekani, utapishana vipi na vichaka vya mierebi vinavyokufika usoni? Angalia mkanda umeshikwa na nini. Kama umeshonewa kwenye kitambaa tu, rudisha. Ushikwe na fremu yenyewe.

La tatu fremu ipande juu kuliko bega lako, sentimita 60 na kitu hivi, ili vile vikanda vidogo vya juu ya bega vivute mzigo kuelekea mbele. Fremu fupi ikifika usawa wa bega vile vikanda havina kazi, ni urembo. Ukubwa wa begi lenyewe, lita 80 mpaka 110 zinatosha, usihangaike sana na hapo.

Halafu jaribu. Sio kujaribu na magazeti waliyojaza dukani. Nenda duka la Costco ununue mchele mifuko miwili ya paundi 50, jumla kilo 45, nyumbani utaula tu hauozi, funga kwenye fremu, panda ngazi za nyumba, zunguka mtaa, majirani watakuona kichaa. Fanya hivyo kuanzia mwezi wa sita mara mbili tatu kwa wiki ukianza na mfuko mmoja. Utajua begi linapiga kelele wapi, linakukata wapi, na goti lako lina miaka mingapi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwahiyo usiniamini mimi ninaposema kilo 45 zinabebeka, ubebe mwenyewe.

Na kujitwika kuna ufundi. Nimeona watu wanainua begi la kilo hamsini kwa mkono mmoja wanalirusha mgongoni kama begi la shule, mgongo unakatika pale pale. Kaa chini mbele ya begi, vaa mikanda yote, funga kiuno, halafu geuka kwa ubavu upige magoti, fimbo mbili mbele yako, nyanyuka na miguu. Kama kuna gogo au kimwinuko weka begi juu yake kwanza. Na kama mko wawili, twikaneni, kama kijijini. Kutua pia mtafutie mwenzako mahali pa kutua, usimwache anaanguka nao. Na mkivuka maji, fungua mkanda wa kiuno kabla hujaingia, ukianguka na begi limefungwa litakushikilia chini, hakuna mjadala hapo.

Sasa baada ya ile safari ya kwanza nilijiwekea sheria, na mwenzangu wa sasa, jamaa wa Mombasa, ameikubali: hatupigi muusi aliye zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka maji ambayo boti inafika au mchanga ambao ndege inatua. Hata awe na pembe za kutisha. Na hatupigi aliyesimama ndani ya maji, mnyama wa kilo 600 akidondoka kwenye bwawa la kiunoni mtachinja mkiwa mnaogelea. Kuna mtu hapo ananiangalia anasema sasa utampataje. Kumbe septemba mwishoni dume wanatafuta majike, na muusi anasikia mbali sana, unamwita. Unaweka mikono mdomoni unaiga sauti ya jike, kilio kirefu cha puani, au unakwaruza mti kwa mfupa wa bega kama dume mwingine anasugua pembe. Unakaa. Unasubiri. Unaweza kukaa siku mbili mahali pamoja bila kuona kitu halafu siku ya tatu asubuhi unasikia "ng'uu, ng'uu" kwenye ukungu. Yaani aje yeye, abebe nyama yake mwenyewe mpaka karibu na boti. Mgumu mwenye akili ndio anavyowinda.

Nyama ikishakuwa chini, vifaa vyake ni hivi. Mifuko ya kitambaa ya nyama, inayopitisha hewa, mikubwa, mi nabeba kumi kwa muusi mmoja. Usiweke nyama ya moto kwenye mfuko wa plastiki ukaiacha, inachemka humo. Adui ni watatu, joto, maji na uchafu, ukiwazuia hao nyama inakaa siku nyingi kule baridi. Unahitaji turubai moja la kuwekea nyama chini unapokata na lingine la kuzuia mvua juu, kamba ya kutosha mita thelathini na zaidi, nyingine ya kufunga mguu kwenye mti maana mnyama yule huwezi kumgeuza kwa mikono. Visu viwili vya kawaida vya inchi nne na kinoleo. Vile visu vya wembe wa kubadilisha ni vikali ajabu lakini wembe ukivunjika ndani ya nyama utautafuta ukiwa na hofu ya mjukuu wako, mi nimeacha. Msumeno mdogo wa mfupa. Na unga wa asidi ya ndimu, unauchanganya na maji kwenye chupa ya kupulizia, unapuliza nyama, nzi wanaikwepa na juu inakauka ngozi fulani nzuri.

Hatupasui tumbo kwanza, tunaanzia mgongoni, unachuna upande mmoja, unatoa mkono, paja, sarara, shingo, mbavu, halafu mnamgeuza mnafanya upande wa pili. Mfupa wa nyonga ndio unaoshika joto kuliko kote, ndio uliotuozea, kwahiyo mapaja yatoke mapema yaning'inizwe kwenye upepo.

Ndugu zangu Waislamu mliniuliza kabla hatujaanza. Mimi sio sheikh, hilo mkamuulize sheikh, ninachoweza kusema ni ninachokiona kwa mwenzangu wa Mombasa, anasoma bismillahi kabla ya kufyatua na anawahi na kisu mkononi, na watu wa nyumbani kwake wanakula. Mishkaki ya muusi ya kwao ni hatari, anailaza kwenye papai usiku mzima.

Dubu. Ndio, wapo, na harufu ya matumbo inawaita. Ukishamaliza kukata, sogeza nyama mbali na matumbo, mita mia hivi, uiweke mahali pa wazi ambapo kesho ukirudi utaiona kutoka mbali kabla hujaifikia, hasa usiiweke kwenye kichaka ukaenda kuparamia mwenye nyumba. Piga kelele ukirudi, imba hata taarabu. Ukikuta ameshalala juu ya nyama, ni yake, mshukuru Mungu ugeuze. Spreyi ya pilipili iwe kifuani, sio ndani ya begi, na kabla ya kupanda ndege ndogo mwambie rubani unayo, hakuna anayetaka ile kitu ilipuke humo angani. Kuna uzio wa umeme mdogo wa betri wa kuzungushia hema, unauzwa, mi nalala usingizi kweli nikiwa nao.

Nguo nitapita haraka. Pamba usivae, hata soksi, ikilowa haikauki na baridi ya septemba kule usiku inashuka chini ya sifuri, mchana mvua. Sufu ya merino ndani, juu koti la mvua la mpira kabisa kama la wavuvi, haya ya kisasa yanayosemekana yanapumua siku ya nne yanapumua maji. Begi la kulalia la nyuzi za kiwandani, manyoya ya bata yakilowa yanakuwa uji. Viatu, mi navaa buti za mpira ndefu zinazofika pajani, zile zinazobana kifundo cha mguu, maana zile pana tope linakuvua kiatu unabaki umesimama na soksi kama korongo.

Ndege. Super Cub inachukua abiria mmoja na mzigo kidogo, wengi watakwambia kilo ishirini na kitu tu, na kwa muusi mmoja itaenda na kurudi mara kadhaa. Beaver inabeba zaidi sana. Rubani atakupima wewe na vitu vyako, usimdanganye, yeye anahesabu urefu wa ule mchanga. Mifuko laini, sio masanduku. Na siku uliyoruka huruhusiwi kupiga muusi, mpaka saa tisa usiku wa kuamkia kesho yake. Chakula beba cha siku zako na siku nne juu yake, ukungu ukishuka ndege haiji, hakuna cha kumpigia simu kumgombeza. Sisi tunabeba unga wa sembe na chapati zilizokaangwa kavu. Dagaa nilipeleka mwaka mmoja. Mwenzangu aliniambia nichague, dagaa au yeye. Na kifaa cha setilaiti cha kutuma meseji kiwe mwilini mwako, pamoja na ramani ya karatasi.

Bunduki sasa, dakika zangu tatu. Ya risasi saizi ya .30-06 inatosha. Kama umezoea .300 au .338 sawa. .375 H&H, ile ya mwaka 1912 ambayo kwetu wanawindia nyati, inafanya kazi vizuri na kwenye dubu inakupa moyo, lakini ni nzito na inapiga bega, na bega hilo hilo kesho lina paja la kilo 55. Chukua unayoweza kuipiga kwa utulivu mita mia na hamsini. Muusi akipigwa vizuri anaweza kusimama tu pale kama hajasikia, usimkimbilie, piga tena.

Swali? Dada pale. … Eeh, amesema yeye ana miezi minane tangu afike Alaska, anaweza kuwinda kama mkazi? Bado mama, ni miezi 12 mfululizo ukiwa unaishi hapa na nia ya kubaki, na huhitaji kuwa raia wa Marekani kwa hilo, mgeni anayeishi hapa kihalali anahesabiwa mkazi wa kuwinda akitimiza huo mwaka. Leseni ya mkazi ni dola 45, tiketi ya muusi ni bure ila lazima uwe nayo na ukishawinda utoe ripoti. Mgeni wa nje ya nchi asiyeishi Marekani, kama shemeji yako akija kutembea kutoka Nairobi, hawezi bila kiongozi wa kulipwa mwenye leseni. Na waliozaliwa baada ya mwaka 1986 kuanza, maeneo kadhaa ya huku karibu wanatakiwa wawe wamefanya kozi ya uwindaji, ifanyeni hata kama hamlazimiki, ni nzuri. Mambo ya kumiliki silaha na aina ya visa yako, hapo tafuta mwanasheria, sitaki mtu afungwe kwa maneno yangu.

Mzee? … Anauliza dume yupi anaruhusiwa. Sehemu nyingi pembe lazima ziwe na upana wa inchi 50 au zaidi, sentimita 127, au ziwe na idadi fulani ya vidole vya mbele usoni, tatu au nne kutegemea eneo, au awe kijana wa pembe ya kijiti kimoja au panda. Kama huna uhakika, usipige. Mi nimewaacha wawili nikiwa nimeshaondoa kizuizi, mmoja mwenzangu hakunisemesha hadi jioni.

Na yule kijana wa Uvira anauliza kama toroli haliwezi kufaa. Ndugu yangu, nililifikiria hilo kabla yako, hata mkokoteni wa Kariakoo niliufikiria. Tairi na vile vichuguu havielewani hata kidogo. Boti la kupuliza ndio, ukiweza kufikisha nyama majini, mto ubebe. Boti la futi kumi na nne linabeba muusi na nyie wawili na hema.

Haya, muda. Fremu ziko tatu hapa, hii ya nje, hii ya kisasa, na ile ya tatu imechanika kiunoni ndio ile yangu ya McGrath, nimeileta makusudi muione. Mchele uko chini ya meza, mifuko minne. Nani anaanza? Wewe kaka mrefu, njoo. Na wewe njoo umtwike, asijitwike peke yake. Mkanda juu kidogo, hapo, kaza. Sasa zunguka ukumbi mara tatu, mlangoni kuna ngazi, panda ushuke. Watoto pisheni.